Kola ya Mnunuzi wa Nne

Kama kuna mtu aliyeonewa na jina lake mwenyewe, basi ni Edirin wa Kota, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Kwa Kiurhobo jina hilo ni subira. Subira yavuta heri, tunaambiwa. Ya huyu mzee imevuta paa linalovuja, magoti yanayolia kama mlango wa stoo, na kazi moja isiyo na mshahara ambayo hata hakuiomba: kuwa mdomo wa watu.

Maana huku kwetu Delta, Nigeria, hatuongei na mgeni wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mahindi. Anateuliwa mmoja, anaitwa otota. Huyo ndiye anayesimama na sahani ya kola, ile mbegu chungu ya kutafuna, na chupa ya gongo safi, anamkaribisha mgeni kwa niaba ya wote, na akishasema yeye, wote mmesema. Edirin alikuwa fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha chuma, wala hakuwa na ndoto za kuhutubia. Lakini ana sauti nene iliyotulia, hata akikuomba chumvi unajiona umepewa cheo. Wafanyakazi wakampa uotota. Kiwanda kilipowaachisha kazi wote, kikawanyang'anya sare, viatu, mpaka vikombe vya chai. Uotota tu ndio waliousahau.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kizingitini na bakuli lake la garri, ule unga wa muhogo uliolowekwa maji baridi na sukari kidogo, akisikia mtu anakwangua ukuta upande wa barabarani. Hakuinuka. Alishafika umri ambao ukisikia kelele unaipa nafasi kwanza, huenda ikaondoka yenyewe.

Haikuondoka. Ilikuwa ni Brume, jirani yake, ambaye zamani aliendesha kreni kubwa ya kiwanda na sasa anauza gongo kwenye kibanda cha mabati. Mkononi ana kopo la rangi, na shati limechafuka kama la mchinjaji.

"Baba Runo, njoo uone kazi."

Edirin akainuka, magoti yakatoa maoni yao, akazunguka ukutani. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la barabarani: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Nyumba ni ya kiwanda, Brume."

"Najua."

"Na kiwanda kimeuzwa."

"Ndiyo maana nimetumia nyekundu."

Usimcheke Brume. Maneno hayo yapo kwenye kuta za nusu ya nyumba za huku, maana matapeli wetu wanaweza kukuuzia nyumba mwenyewe akiwa ndani anakula. Tofauti ni kwamba wengine wanaandika kwenye nyumba zao.

"Anakuja Alhamisi," Brume akasema, akijifuta mikono kwenye suruali ambayo mkewe angemuulizia. "Mnunuzi wa nne. Safari hii Kota nayo imo kwenye mauzo. Wazee wanakungoja useme."

"Nimeshawaambia sisemi."

"Wewe ndiye otota."

"Mdomo umechoka."

"Mdomo hauchoki, Baba Runo. Muulize mke wangu."

Edirin akarudi kwenye garri yake, akakuta imeshavimba ikawa uji. Akala hivyo hivyo. Ndivyo alivyokula karibu kila kitu miaka hii ya mwisho, kikiwa kimeshachelewa.

*

Kile kiwanda kilijengwa kwa pesa ya mafuta, enzi ambazo naira ilikuwa inapishana na dola kifua mbele. Serikali ilikinunua kama mtu aliyeshinda bahati nasibu anavyonunua piano: kikubwa, kinang'aa, na hakuna mtu nyumbani anayejua kukipiga. Lakini walijifunza. Edirin alijifunza. Kulikuwa na miaka ambayo tanuri lilinguruma na mbingu ya upande ule ikawa ya chungwa, na nondo zikatoka zikiwa nyekundu kama pilipili zinateleza juu ya magurudumu, na yeye amesimama pale na miwani yake myeusi anajiona ni mtu.

Tusidanganyane lakini. Serikali nayo ilikiendesha kama shamba la shemeji. Kwenye mashine moja unakuta mmoja anafanya kazi, mwingine anamtazama, na wa tatu humwoni mpaka siku ya mshahara. Bei ya mafuta ikipanda huko duniani, vipuri vinanunuliwa na wakubwa wanaongeza magari. Ikishuka, tanuri linazimwa na mishahara inaingia mitini. Nchi nzima ilikuwa inapumua kwa pua ya mafuta, na kila ilipoziba, Kota ndiyo iliyopiga chafya.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba viwanda vitabinafsishwa, kwamba mwenye mali yake hulala jicho moja wazi, Edirin hakupinga. Alisimama kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi akasema, "Tumpe mwenye pesa ajaribu." Wapo ambao hawajamsamehe mpaka leo. Na ushahidi alikuwa nao: simu. Zamani kupata simu ya nyumbani ulikuwa unaomba, unahonga, unazeeka. Kampuni binafsi zilipoingia, hata muuza karanga ana laini mbili. Binti yake Runo anaishi kwa hizo hizo simu, anasajili laini chini ya mwavuli kule Effurun na kodi analipa. Sasa mzee atasemaje kwamba kuuza ni dhambi?

Wakaja wanunuzi. Kila mmoja Edirin alimkaribisha kwa sauti ile ile, sahani ile ile. Kola hailetwi peke yake. Unaweka na noti kidogo pembeni ya sahani ili isibingirike, ndivyo tunavyosema. Halafu otota anataja ombi la watu: kiwanda kiwake, watu walipwe, nyumba zibaki. Mgeni anaitikia, kola inamegwa, inaliwa, gongo linamwagwa tone chini na mengine kooni. Basi. Huku kwetu hapo neno limeshafungwa. Nani atakula kola ya mtu halafu amgeuke?

Wa kwanza alikula, akasema tanuri litawaka kabla ya Krismasi, akang'oa mashine za kuvuta nondo akazipeleka zisikojulikana. Wa pili alitoka ng'ambo. Yeye aliitia kola mfukoni kwa adabu zote, na reli za kiwanda zikaondoka mwaka huo huo zikiwa chuma chakavu. Wa tatu alikuwa kijana wa benki kutoka Lagos, mchangamfu, alikula mbili na kuomba ya kumpelekea mama yake. Huyo aliweka kufuli kubwa getini, akakopa pesa kwa jina la kiwanda, na hakuonekana tena ila kwenye picha za harusi za watu.

Kota ilipokwenda kulalamika, mwanasheria mmoja wa mjini aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mna mkataba?" Edirin akajibu, "Alikula kola." Yule bwana alikuwa mstaarabu, hakucheka. Alikohoa tu kwa muda mrefu kidogo.

Ndiyo sababu mdomo ulikuwa umechoka.

*

Mama Runo hakuwa na nafasi ya kuchoka. Nyuma ya nyumba alikuwa na tanuri lake dogo la udongo la kukaushia samaki kwa moshi, na wateja wake walikuwa ni Kota na vijiji vya jirani. Hilo ndilo lililowalisha tangu la chuma lizimike. Kijijini kwa Edirin, ndugu yake alishajenga juu ya kiwanja chote mpaka kuku wanalala juu ya mti. Wakitolewa Kota hawakuwa na pengine ila chumba kimoja cha Runo, ambacho ukiingiza kitanda, mlango unafungwa ukiwa umeupigia magoti.

Jioni hiyo alikuwa anasonga wanga wa muhogo kwenye sufuria, mafuta ya mawese yameugeuza wa manjano, mchuzi wa mawese unatokota pembeni. Redio ilikuwa inasoma habari: uchumi wa nchi umekua.

"Umekua?" Mama Runo akasema bila kugeuka. "Mbona hauji kusalimia?"

"Uko Abuja, unasoma."

"Ukimaliza shule waulete. Baba Runo, Alhamisi unasema au husemi?"

"Nikisema nitasema nini? Kiwanda kiwake? Nikilisema tena hilo hata kola itacheka."

"Sema tuachiwe nyumba."

"Nililisema kwa wa kwanza. Nililisema kwa wa pili. Wa tatu alilipigia makofi."

Mama Runo akapakua. Wakakaa wakala, kila mtu anamega na kuchovya, mpaka yeye akacheka peke yake.

"Nini?"

"Namkumbuka yule kijana aliyekuja kumposa Runo mikono mitupu. Ana viatu vya kuchongoka, ananukia mpaka mbwa wanapiga chafya, halafu hata chupa moja hana. Akakaa hapo anangoja nimletee kola."

"Ukamfukuza."

"Sikumfukuza. Nilimwonyesha barabara ilipo. Mgeni wa kusalimia tunampa kola sisi. Anayekuja kuchukua kitu cha watu analeta kinywaji yeye, anapiga magoti, anaomba. Tukikipenda tunakunywa, tusipokipenda anarudi nacho. Hata wewe ulileta."

"Nilileta katoni nzima."

"Baba yangu aliionja wiki nzima ndiyo akakubali."

Edirin akaacha kutafuna. Tonge lilibaki shavuni kama jipu.

Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanawapokea hao watu kwa mlango usio wao. Wamekuja kuchukua, nao wanawakirimu kama shangazi aliyepita kusalimia. Wamewapa kola, wamewapa na noti ya kuizuia isibingirike, wamewamiminia gongo, wameshukuru. Wanawali wa Kota waliposwa wakiwa na miaka kumi na tisa kwa adabu kubwa kuliko kiwanda kizima kilivyochukuliwa.

"Mama Runo," akasema, "mchuzi upo zaidi?"

Mkewe akajua kwamba Alhamisi atasema.

*

Kwenye kundi la WhatsApp la Kota taarifa ya otota ilisikilizwa na wote na ikajibiwa na wachache kwa akili. Edirin alituma kwa sauti, maana vidole vyake na kioo cha simu havijawahi kuelewana: Alhamisi hakuna kola. Hakuna gongo. Meza itakuwa tupu. Mnunuzi akileta kinywaji akaomba, tutamwambia masharti yetu, la kwanza nyumba. Asipoomba, hatunywi chake, hatuli chake, na hatutii saini. Mtu asiguse kitu.

Kikafuata kibandiko cha mbuzi anayelia machozi. Halafu mtu akauliza: "Na akileta mchele?" Mwingine: "Swali zuri, otota ajibu hapo kwenye mchele." Mwingine akaweka picha ya Edirin ya zamani ana suti ya mikono mifupi, akaandika chini yake: "Baba mkwe wa taifa." Brume akatuma ujumbe wa sauti mrefu uliojaa kelele za walevi, na kilichosikika ni neno moja tu, "heshima," limerudiwa mara nyingi.

Runo naye akamtumia baba yake ujumbe wa sauti faraghani. "Baba, umeme unaendaje hapo?"

"Ulikuja jana, ukachungulia, ukaondoka."

"Njooni mkae kwangu tu. Tutabanana."

"Kwanza tuone Alhamisi."

"Baba, wewe na hizo Alhamisi zako," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ya umri wake. Hilo alilirithi.

*

Alhamisi kulikuwa na jua la kuchemsha kichwa. Kota nzima ilikaa kwenye kantini ya zamani ya kiwanda, kina mama wanajipepea kwa pindo za vitenge, wazee wamevaa kofia zao na vitambaa viunoni. Mbele yao meza moja, safi, tupu. Hata glasi ya maji haikuwepo. Edirin alikuwa amekaa nyuma yake, fimbo ameiegemeza kitini, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe mikono yake haikuwa na kitu cha kubeba. Hakujua aiweke wapi.

Ikaja gari moja ndogo na pikapu moja iliyofunikwa turubai, mzigo umejaa mpaka juu.

"Mchele," Brume akanong'ona.

"Nyamaza."

"Nanusa, Baba Runo. Huo ni mchele wa nje, ule mrefu."

Kwenye gari dogo hakushuka tajiri. Alishuka msichana wa miaka thelathini hivi, suti ya kijivu, viatu vya chini, nywele zimesukwa zikabanwa nyuma. Akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya meza, akamtazama mzee, na pale pale kwenye vumbi la kantini, na suti yake ya pesa, akapiga magoti yote mawili.

"Migwo," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yetu kwa mkubwa, na mkubwa hana hiari. Hata kama umekuja kumbomolea, anaijibu.

"Vrendo," Edirin akasema. "Inuka, mwanangu. Wa nani wewe?"

"Eloho, baba. Wa kule Agbarho. Ni wakili wa mnunuzi."

Kina mama wakatazamana. Wa nyumbani kabisa. Wengine walishaanza kutabasamu, mmoja akasema chini chini kwamba amefanana na dada yake.

Eloho akainuka, hakupangusa magoti. Akatazama meza.

"Naona ni tupu, baba."

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Wewe ni mtoto wa Agbarho," Edirin akasema, na ile sauti ikatoka kifuani, ikajaa kantini mpaka kwenye mabati. "Unajua anayekuja kusalimia hupewa, na anayekuja kuomba huleta. Wenzako watatu tuliwapa. Hawa watu wote niliokaa nao wamenipa neno moja leo. Kama mnunuzi wako amekuja kuomba, kinywaji chake kiwe hapa juu, tukitazame, tuseme tunachotaka. Tunataka nyumba zetu."

Watu wakaguna kwa kukubali. Ilikuwa imenyooka. Hata Brume alisahau mchele kwa muda.

Eloho alikuwa na bahasha kwapani na hakuifungua.

"Ni kweli, baba," akasema. "Ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Ndiyo maana sikuleta kitu." Akaishusha bahasha mkononi. "Sikutumwa kuomba. Nimetumwa kuwaarifu."

Nje dereva wa pikapu alikuwa analegeza kamba za turubai, na upepo ukaliinua upande mmoja. Chini yake haukuwa mchele. Ilikuwa ni seng'enge, marobota kwa marobota, mpya, inang'aa.

"Endelea," Edirin akasema.

Akaendelea, na kusema kweli hakupaka asali. Kiwanda kitakuwa bohari. Nondo zitaletwa kwa meli kutoka nje, zipangwe humo, malori yaje kuchukua. Kota itavunjwa iwe maegesho ya malori. Mvua zikiisha, nyumba ziwe tupu. Watu wa kupakia wataajiriwa, walinzi wataajiriwa, na mwendesha kreni mmoja.

Brume akakohoa.

"Tanuri halitawaka?" Edirin akauliza. Hakuwa amekusudia kuuliza. Lilimponyoka tu.

"Hapana, baba. Amepiga hesabu. Kuyeyusha chuma hapa kwa umeme huu wa kubahatisha ni ghali kuliko kukileta kwa meli. Hata angekuwa ndugu yangu ningemwambia hivyo hivyo."

"Wa kwanza aliniambia kabla ya Krismasi."

"Niliisoma ahadi hiyo kwenye faili. Sidhani hata alimuuliza mtu wa umeme."

Hapo ndipo kantini ililipuka. Mmoja anasema tutalala barabarani, mwingine anasema tulizaa watoto wote humu, bibi mmoja anamuuliza Eloho kama mama yake anajua kazi anayofanya. Eloho alimjibu huyo peke yake: "Anajua, mama. Ndiyo inamlipia dawa." Bibi akakaa.

Edirin akainua fimbo. Kelele zikashuka, si kwa kutii sana, ni kwa kuchoka. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Neno walilompa lilikuwa ni la kumjibu mtu anayeomba. Kwa mtu asiyeomba hawakuwa wamempa neno lolote, na otota hana ruhusa ya kutunga. Alisimama pale na sauti yake nzuri na hakuwa na cha kuitilia.

Akamgeukia mkewe. Mama Runo alikuwa ameshafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani yake kulikuwa na kola moja, nyekundu, nono. Alikuja nayo. Ndoa ya miaka mingi ni hivyo, mtu anabeba unachokataa kubeba.

Edirin akaiweka kiganjani, bila sahani, bila noti ya kuizuia, akamnyooshea Eloho juu ya ile meza tupu.

"Hii si ya mnunuzi," akasema. "Ni ya binti aliyepiga magoti."

Eloho aliitazama. Mkono wake uliinuka kidogo kisha ukarudi kwenye bahasha.

"Baba, mvua zikiisha nitarudi hapa na watu wa kubomoa. Nikija nimekula kola yenu, nitakuwa nani?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nisamehe. Siwezi kuila."

"Amekataa kola," Brume akasema kwa nguvu, na watu wakaguna vibaya, maana huku kwetu afadhali umtukane mtu babu yake.

"Nyamaza, Brume," Edirin akasema. "Waliokula walikuwa hawajui wanakula nini." Akafunga kiganja. Hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Wanunuzi watatu walimpa maneno matamu akakaa nayo miaka, na huyu amemtoa kwenye nyumba yake kwa dakika chache, na ndiye peke yake aliyemwambia kweli. "Kuna kitu kilicho mikononi mwako wewe? Si cha tajiri. Chako."

Eloho akafikiri. "Mabati," akasema. "Milango, madirisha, mbao. Nimeachiwa mimi niamue. Chukueni. Wavunjaji watakuta kuta."

"Tumesikia," otota akasema. Hakugeuka kuwauliza waliompa neno. Hilo moja alilitunga mwenyewe.

*

Mvua zilikuwa bado hazijakata vizuri Kota ilipoanza kujivua yenyewe, bati kwa bati. Kila mtu alikuwa juu ya paa lake ananing'inia na nyundo, na kundi la WhatsApp likawa linauziana misumari.

Brume alikuja kumsaidia Edirin kung'oa mlango. Walifanya kazi bila kuongea, na kwa Brume hiyo ni dalili ya homa.

"Sema," Edirin akamwambia.

"Wamenipa ile kreni."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Umenyoa ndevu. Unafikiri nitakuchukia?"

"Ningejichukia mimi mwenyewe, ila njaa ilinitangulia." Akagonga bawaba ya mwisho, mlango ukaachia. "Baba Runo, ule ukuta wangu lakini. Niliandika haiuzwi. Sikusema haivunjwi."

Edirin akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka hivyo siku nyingi, na alipomaliza hakuinuka haraka.

Ile kola waliimega wawili, yeye na Mama Runo, wakiwa juu ya mizigo nyuma ya lori, wakipita getini. Seng'enge ilikuwa imeshazunguka kote. Kola yenyewe ilikuwa chungu kama kola zote.

Kwa Runo walibanana kweli. Ule mlango wa Kota haukupata fremu ya kuutosha, kwa hiyo ukakaa siku mbili tatu umeegemea ukuta, unapisha watu, mpaka Mama Runo akaulaza juu ya matofali karibu na mwavuli wa binti yake, akapanga samaki juu yake. Wanaosajili laini wananunua samaki. Wanaonunua samaki wanauliza vifurushi. Redio ya jirani inasema uchumi umekua tena, na hapo walipo hawawezi kubisha sana, samaki wanakwisha kabla ya jua kutua.

Siku moja Brume akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, nyuma yake injini zinanguruma. Nondo za kwanza zimefika bandarini. Tajiri mwenyewe anakuja kufungua bohari, anataka apokewe kwa mila, kola na kila kitu, na ameahidi kuajiri zaidi. Otota njoo, wanakutumia gari. Kibandiko cha mbuzi kikafuata, halafu mikono inayoomba, mingi.

Edirin akausikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza Runo sauti ya kundi inazimwaje. Runo akamwonyesha, mara moja tu, akaelewa. Akaweka simu juu ya mlango, kati ya samaki, akavuta bakuli lake la garri, na safari hii aliila kabla haijavimba.